Mirembe Ajifunza Kisra

Kwa miaka minane Mirembe aliwapikia Waganda wenzake matoke na mchuzi wa karanga katika mkahawa wake pale Gurei, mtaa mmoja wa Juba, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemcheka. Aliwajua wateja wake mpaka nani hataki chumvi nyingi. Raha mustarehe! Ila mabenchi yalikuwa mawili tangu siku ya kwanza, na Waganda wa Gurei walizidi kupungua, mmoja mmoja wakirudi kwao. Mwaka mwingine wa namna hiyo na angefunga mlango.

Ndipo Puok, msimamizi wa jengo lililokuwa likijengwa Nyakuron, alipomwambia anatafuta mtu wa kuwalisha mafundi wake arobaini kila mchana. Sharti lilikuwa moja: hawataki matoke, wanataka kisra, ule mkate wa mtama mwembamba kama kitambaa. Alimpa wiki tatu, kisha alete waonje.

"Mimi iko najua kupika," Mirembe akamjibu. Kupika alijua kweli. Kisra hakuwahi kuigusa.

Aliyeijua ni Akuac, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyeoka sokoni Juba Na Bari. Mirembe alimwendea na njia ya mkato: Akuac aoke, yeye anunue na kupeleka.

"Zangu huisha hapa hapa, mama," Akuac akasema, kwa Kiswahili cha Nakuru alikolelewa. "Lakini ukitaka kujifunza, keti. Hapa mbele. Huko nyuma hakuna moto."

Akaketi, mama mzima mwenye mkahawa wake, akifundishwa na mtoto. Uji wa mtama uliochachushwa humwagwa juu ya bamba la chuma lenye moto, ukatandazwa kwa kipande cha ukuti kabla hujavuta pumzi mbili. Mkono wa Mirembe ulizoea chapati, nao ulikandamiza. Ya kwanza ikachanika. Ya pili, ya kumi. Wauza samaki waliacha samaki wao wakaja kutazama.

"De shunu?" mmoja akauliza, yaani hiki ni nini, na upande ule wote wa soko ukaangua kicheko. Mirembe aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Wiki ya pili akachoka kuchekwa. Akachanganya unga wa ngano na mayai kwenye uji akiwa kwake, akaubeba hadi sokoni kimya kimya. Siku hiyo zote zikatoka nzima! Akuac akamega moja, akatafuna.

"Hii ni chapati imefiwa," akasema. "Umeficha ngano humu, si ndiyo?"

Mirembe akawaka. "Wewe ilizaliwa na hii kitu! Wewe hajui vile inauma watu kukucheka!"

"Nani alikudanganya? Mimi nimelelewa na ugali, mama. Nilirudi hapa nikiwa na miaka kumi na saba, na shangazi zangu walinicheka mwaka mzima. Msichana wa kwao, na kisra hajui!"

"Ukafanya nini?"

"Nilichana nyingi."

Mirembe aliinuka. Alibeba sufuria, akaumwaga uji ule wote mtaroni huku roho ikimuuma, kisha akaomba mwingine. Siku hiyo alichana kumi na saba, na wauza samaki walizihesabu kwa sauti.

Siku ya kuonja ilipofika, alipeleka Nyakuron sinia nne na mchuzi wa bamia. Kisra nyingine zilikuwa nene pembeni, tatu zilikuwa zimechanika, na hakuzifunika. Puok alikula bila haraka.

"Umeoka mwenyewe?"

"Ni mimi."

"Inaonekana," Puok akasema. Kisha msimamizi akachukua moja ya zile zilizochanika, akaichovya kwenye mchuzi, akaimaliza. "Jumatatu uanze. Ila mwezi ujao naongeza mafundi ishirini, Wanuer, na hao watataka walwal, ule mtama wa vidonge vidogo kwa maziwa. Unaijua?"

Mirembe akazitazama kisra mbili zilizochanika zilizobaki. Kumbe aibu ile ya kujifunza haikuwa ya kupita mara moja ikaisha. Jibu la zamani, kwamba anajua kupika, lilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi, akalimeza.

"Hapana," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Siijui. Nani hapa anaweza nifundisha?"

Mafundi wakacheka. Mirembe akasimama pale pale, akingoja jibu.