Mwenye Mradi wa Kibanja Chetu

Mujuni alifika Kishanda Jumanne asubuhi kwa pikipiki, akavua viatu mlangoni ingawa Annastella alimwambia asijisumbue. Alikuwa amembebea mkate wa mjini, ule usiotiwa sukari, maana alikumbuka kwamba mama huyu ana kisukari. Annastella aliuona mkate kwanza. Baadaye ndipo alipouona wasiwasi usoni mwa mletaji.

"Mae, naomba kidole chako tu," Mujuni alisema kama mtoto kwa mama, akimnyooshea simu. "Bonyeza hapo palipoandikwa kukubali. Dakika moja, mimi nirudi kazini."

"Nakubali nini?"

"Masharti. Mambo ya kawaida."

"Umeyasoma?"

Mujuni alitazama migomba ya nje.

Kwa miaka mitatu Annastella alikuwa amezunguka Kishanda na Kimwani akiwauliza wanawake habari za migomba yao. Majibu na picha aliwapelekea watu wa Kibanja Chetu, kikundi cha Bukoba alichokuwemo Mujuni, kilichotengeneza programu ya simu ya kumsaidia mkulima kutambua ugonjwa shambani. Programu yao ilikuwa huria. Yeyote aliweza kuichukua, kuifungua ndani, kuirekebisha na kumpa jirani, na hakuna aliyeruhusiwa kuifungia. Kwa neno hilo Annastella aliwafungua wanawake midomo. Magdalena wa Kimwani alikuwa ameuficha ugonjwa wa mnyauko wa shamba lake miezi miwili kwa aibu. Alikubali kupigiwa picha baada ya Annastella kumwahidi hivi: "Ya kwako yatabaki mikononi mwetu wakulima. Hakuna tajiri atakayeyashika."

Lakini wenye programu hiyo huria walikuwa wakifanyia kazi yao yote kwenye mtandao wa kampuni moja ya ng'ambo. Humo ndimo walimoyajadili majibu ya wanawake, humo ndimo walimotunza picha. Sasa kampuni ilikuwa imebadilisha masharti, na mwenye mradi alitakiwa kukubali kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo mlango ufungwe.

Na mwenye mradi, kwenye karatasi za kampuni, alikuwa Annastella. Siku ya kufungua mradi, Mujuni aliulizwa jina la mwenyewe, akaona haya kuliweka lake juu ya la mwanamke aliyemzidi umri mama yake mzazi. Akaandika la Annastella, kama mtu anavyompisha mkubwa kwenye kiti chenye egemeo. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja kiti kile kingekuwa na kazi.

"Basi nisomee," Annastella alisema. "Kahawa ipo."

Mujuni alisoma kwa Kiingereza na kumwelezea kwa Kihaya, ukurasa kwa ukurasa. Kwenye ukurasa wa kumi na moja sauti yake ilipungua. Kampuni ingeweza kuyatumia mazungumzo na picha zote kwa kazi yoyote, na kuwapa wengine iliotaka.

"Kuwauzia pia?"

"Hata kuwauzia."

Annastella alikifunika kikombe chake kwa sahani. "Sibonyezi."

"Mae, programu yenyewe naihamisha kwa nusu saa. Lakini mazungumzo hayatoki kwa pamoja. Hawakuweka njia ya kuyatolea. Yako mia tano na kumi na mawili."

"Uliwahi kuniambia tuko huru."

"Programu iko huru."

"Na sisi tuliomo?"

Mujuni alikunywa kahawa iliyokwisha kupoa, akaomba radhi kwa kutosoma mapema. Annastella alimpenda zaidi kwa hilo.

Kesho yake alishuka Ijuganyondo, mjini Bukoba, nyumbani kwa mwanakikundi Joviana, ambako walikutania. Joviana alimwekea mto kitini bila kuulizwa. Derick, fundi wao mwepesi wa mikono na wa mdomo, hakumwekea kitu.

"Watu mia mbili wanaotumia programu wanakwama kwa ajili ya kidole kimoja," Derick alisema. "Shikamoo, mama mwenye kampuni."

"Marahaba. Mimi si mwenye kampuni, ndiyo maana nakataa."

"Dunia nzima inatumia mtandao huo. Hata wanaotengeneza vitu huria wakubwa kuliko sisi."

"Hao walimwahidi Magdalena?"

"Magdalena ndiye nani?"

"Ndiye aliyekufundisha kukata ua la mgomba kwa kijiti cha panda badala ya panga, ugonjwa usienee. Somo umeliweka kwenye programu, jina lake hulijui."

Joviana alicheka kwenye kiganja. Derick alikuna shingo.

"Haya, tufanyeje?" aliuliza Mujuni.

"Hapa kuna kompyuta?"

"Ipo ya zamani," Joviana alisema. "Inafanya kazi. Inaweza kukaa hapa hapa, watu waingie kwa simu zao. Tulisema tangu mwaka juzi tutafanya hivyo."

"Mkafanya nini?"

"Tukaona ule wa kampuni ni rahisi."

"Basi anzeni leo na lililo gumu."

Walihamisha programu kwanza, kisha wakanakili mazungumzo moja moja, picha moja moja. Mujuni aliomba ruhusa kazini. Annastella aliwasomea kutoka kwenye simu pale macho yao yalipochoka, na akawakumbusha nani alisema nini. Alhamisi Derick alikuja kabla ya wote, akiwa na waya mrefu wa umeme na chapati zilizofungwa kwenye gazeti. Aliziweka karibu na Annastella, akakaa kuandika bila kumtazama.

Ijumaa, saa sita kasoro dakika ishirini, walikuwa wametoa mia nne na kumi na tisa.

"Tisini na matatu yamebaki," Mujuni alisema. "Hatuwezi kuyamaliza."

"Tuyaache tu," Derick alisema, safari hii kwa upole. "Wafunge mlango. Huenda siku moja tukayapata."

"Na wao je? Wakifunga, yatakuwa yamekwenda?"

"Hapana. Yatabaki kwao."

"Mwenye mradi anaweza kuyafuta?"

Joviana ndiye aliyejibu. "Anaweza yeye peke yake."

"Nionyeshe."

"Mae," Mujuni alisema, "humo kuna kazi ya miezi. Ya Magdalena karibu yote imo humo."

"Najua yaliyomo. Niliyaleta mimi."

Ukurasa ulimtaka aandike jina la mradi kuthibitisha. Annastella alivaa miwani, akaliandika herufi kwa herufi, akalisoma tena kuona kama hakukosea. Kisha akabonyeza, na palipokuwa na Kibanja Chetu pakawa peupe.

Derick aliinamisha kichwa mezani. Annastella alimwacha kidogo, kisha akamsogezea chapati iliyobaki. Akachukua simu yake ndogo, akampigia Magdalena, akamweleza yote kama yalivyokuwa, pamoja na kwamba maneno yake mwenyewe yamepotea na ni yeye Annastella aliyeyafuta.

"Kwa hiyo wale hawana picha ya shamba langu?" Magdalena aliuliza.

"Hakuna walichobakiwa nacho kwa ruhusa yetu."

"Na mimi nianze upya kueleza, toka kijiti hadi mizizi?"

"Ukikubali."

"Njoo Jumanne. Uje na hao wenye kompyuta, na kila mmoja abebe jembe. Hawatanisikiliza safari hii wakiwa wamekaa."

Annastella aliwageukia watatu wale. "Nani ana jembe?" aliuliza.