Maelekezo ya Kuziba Pancha

Kila Jumatano, kipindi cha Kiingereza kilipofika, Kidato cha Pili D walikuwa wanakwenda kupalilia maua. Hakuna aliyepanga hivyo. Mwalimu wao wa zamani alihama, bustani ya mbele ya ofisi ilikuwa inahitaji mikono, na taratibu ikawa mazoea. Nilipoajiriwa, nikiwa na shahada ambayo hata kukunjwa haijakunjwa, nilikuta majembe madogo yamepangwa nyuma ya mlango wa darasa kana kwamba ni vitabu vya kiada.

Nilikwenda kwa makamu wa mkuu wa shule kuomba kipindi changu. Siku nyingine tulikuwa na sarufi na kusoma. Jumatano ndiyo ilikuwa siku pekee ya kuandika. Makamu, mzee wa tai na utani mkavu, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akavua miwani.

"Binti yangu, hao watoto nawapenda," alisema. "Lakini Kiingereza kinawapita juu kwa juu, kama ndege ya abiria. Wao wanasikia mngurumo tu. Waache na maua."

Mkuu wa shule alikuwa mlangoni. Ni mama asiyependa maneno mengi. Alisema nichukue kipindi hadi mwisho wa muhula. Kama hadi hapo darasa halijaandika kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukisoma kikamfaa, Jumatano ingefutwa kwenye ratiba moja kwa moja. Nikashukuru, nikaenda kuyaondoa majembe nyuma ya mlango.

Insha zao za kwanza zilinimaliza nguvu. Niliwaambia waandike kuhusu moto uliozuka jikoni. Wote, kuanzia dawati la mbele hadi la nyuma, walianza na jua lililokuwa likichomoza vizuri na ndege waliokuwa wakiimba mitini. Kumbe kulikuwa na insha moja, imerithiwa kutoka kwa kaka na dada zao, ambayo kila mwanafunzi aliikariri na kuipachika kwenye swali lolote. Ajali, harusi, msiba, mechi ya mpira: ndege waliimba kwanza. Kwenye insha moja jiko liliteketea lote na bado watu "walirudi nyumbani wakiwa wamechoka lakini wenye furaha".

Sikuwacheka. Sentensi zile zilikuwa sahihi, tena nzuri. Tatizo ni kwamba hawakuwahi kumwandikia mtu. Walikuwa wanaandikia kalamu nyekundu.

Dawa niliipata kwenye tairi la baiskeli yangu. Siku moja nilifika shuleni naisukuma, imepata pancha, na msichana mmoja tuliyemwita Spoku, kwa kuwa baba yake ni fundi baiskeli, akaniambia nimwachie, itakuwa tayari kabla ya mapumziko. Nikamwambia hapana. Nikaiingiza baiskeli darasani, nikaiegemeza ubaoni, nikawaambia waniandikie kwa Kiingereza namna ya kuziba pancha, nami nitafanya kile tu kitakachoandikwa. Wasiponiambia kitu, sikijui.

Karatasi ya kwanza ilisomwa na Redio, msemaji wa darasa, kijana ambaye hata akiwa na mafua hanyamazi. Jua lilikuwa likichomoza. Nikaenda dirishani kulitazama. Ndege walikuwa wakiimba. Nikatega sikio, nikasubiri.

"Mwalimu, unafanya nini?" aliuliza Redio.

Nikamjibu kwamba nasikiliza ndege, maana nimeambiwa wanaimba, na sijaambiwa baiskeli iko wapi.

Darasa lilivunjika mbavu. Lakini katikati ya kicheko nilimwona Spoku ameshachukua rula na kuufuta mwanzo wote wa karatasi yake kwa mstari mmoja.

Kuanzia hapo tulifanya kazi. Spoku alieleza hatua kwa mikono, wengine wakazitafutia vitenzi. Sarufi waliyoikimbia miaka miwili sasa waliigombania: amri inaandikwaje, "kwanza" na "kisha" na "kabla ya" vinakaa wapi. Kila Jumatano tulijaribu toleo jipya, na kila Jumatano nilikwama. Mara waliniambia nitoe mpira wa ndani kabla ya kuniambia nifungue gurudumu, nikauvuta kama mjinga huku tairi limekaa palepale. Mara waliniambia nitumbukize mpira kwenye beseni, nitafute mapovu, kisha nipake gundi, bila kuniambia niukaushe. Kiraka kikateleza kikaanguka kwenye kiatu changu. Redio akasema kiraka nacho kimeandika insha ya ndege: kimetoka nje ya swali.

Muhula ulipokaribia kwisha, Mkuu aliuliza nani atajaribu maelekezo hayo. Makamu akainua mkono. Alisema hajawahi kushika pampu tangu azaliwe, na kwamba kama watoto wa D wataweza kumfundisha kwa karatasi, yeye mwenyewe ataenda kupalilia.

Tulikusanyika uani, mbele ya ofisi. Tairi la baiskeli yangu lilikuwa limetobolewa makusudi. Wanafunzi walisimama mbali, hawakuruhusiwa kusema neno wala kuonyesha kidole. Makamu alitupa tai yake begani, akaisoma karatasi kwa sauti, sentensi baada ya sentensi, na kufanya kile alichosoma. Akaipindua baiskeli juu chini. Akafungua gurudumu. Akautoa mpira, akaujaza upepo kidogo, akautumbukiza kwenye beseni, akauzungusha polepole. Mapovu yalipotokea alipiga mluzi mwembamba, kama mtoto.

Akaukausha kwa leso yake. Akasugua kwa msasa. Akapaka gundi. Hapo akasimama, kiraka mkononi, akairudia sentensi iliyofuata, iliyomwambia angoje gundi ikauke. Akaangalia gundi, akaangalia karatasi tena. Spoku alikuwa ameuma ukosi wa sare yake. Hatimaye Makamu akaigusa gundi kwa ncha ya kidole, akangoja kidogo, akaigusa tena, ndipo akabandika.

Alipomaliza kurudisha gurudumu na kupiga pampu, tairi lilikuwa gumu. Mkuu wa shule akalibonyeza kwa dole gumba. Kisha akapanda baiskeli yangu na sketi yake ya kazi, akazunguka bustani nzima, akarudi, akashuka.

"Jumatano ni yao," alisema.

Kelele zilizopigwa siwezi kuzieleza. Makamu alikuwa bado amechuchumaa, mikono imemchafuka hadi viwiko. Aliwaita Spoku na Redio, akawaambia kwamba amesoma nyaraka za Kiingereza maisha yake yote, nyingi zikimwacha hajui afanye nini, lakini hii imemshika mkono. Alikuwa anamaanisha, niliona.

Nikageuka kulitazama darasa langu, nikitarajia kuwakuta wanarukaruka. Walikuwa wamejikusanya kwenye ngazi ya ofisi, vichwa pamoja. Spoku akanijia akiwa amenyoosha mkono.

"Mwalimu, tunaomba karatasi yetu."

Nikamuuliza ya nini tena, na kazi imekwisha, wameshinda.

"Pale kwenye gundi alisita," alisema. "Hatujamwambia atajuaje kama imekauka. Msomaji mwingine atabandika mapema."

Nikampa. Alikwenda kukaa ngazini katikati ya wenzake, Redio akatoa kalamu, na kwa mara ya kwanza nikamwona amenyamaza, anatafuta neno.