Pamba Haichezewi

Kidole cha Nyanjige kilishuka kwenye karatasi taratibu, jina kwa jina, kikiacha alama ya vumbi pembeni ya kila namba. Kilipofika ya kumi na mbili kikarudi juu kuanza upya, maana macho ya mtu aliyeinama shambani tangu alfajiri huweza kuruka mstari. Hayakuwa yameruka. Jina la Joyness halikuwemo.

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya walimu. Ilikuwa na majina ya wasichana kumi na wawili wa timu ya netiboli ya wilaya, watakaokwenda kambini Bariadi wiki mbili, na kutoka huko, Mungu akipenda, kwenye mashindano ya taifa. Wazazi walijaa pale kama siku ya mnada wa ng'ombe. Wengine walipiga vigelegele. Marcelo, fundi baiskeli, ambaye binti yake naye alikuwa ameachwa, aliisoma karatasi, akacheka, akasema, "Vizuri, nimepata wa kunipikia." Kisha akaenda kusimama peke yake nyuma ya tangi la maji, akakaa huko muda mrefu.

Nyanjige hakuwa mtu wa kusimama nyuma ya tangi.

"Mwalimu Violeth!" aliita, nyuzi za pamba zikiwa bado zimenasa kwenye kilemba chake. "Njoo unioneshe jina la mwanangu mmeliandika kwa wino gani, maana mimi silioni."

Mwalimu wa michezo alitokeza mlangoni. Alikuwa binti mdogo bado, mwaka wake wa pili kazini.

"Shikamoo, mama. Karibu ndani tuzungumze."

"Marahaba, na siingii! Nasemea hapahapa wenzangu wasikie. Juzi ziliingia kreti mbili za soda uwanjani, na kila mwenye macho aliziona. Leo nasoma namba tatu, Muzdalifa Tajudin. Sisi wa pamba tulileta nini? Tulileta watoto tu!"

Watu waligeuka kumtazama Tajudin, mwenye duka la jumla pale senta ya Dutwa, aliyekuwa ameegemea pikipiki yake.

"Mama Joyness," alisema kwa upole, "soda zile walikunywa watoto wote. Hata Joyness alikunywa."

Kicheko kikapita, na kicheko kwa Nyanjige ni mafuta ya taa kwenye moto.

"Mfungaji ni mwanangu! Ukimtoa yeye hao wengine watafunga kwa nini, kwa pua?"

"Ni kweli, mama. Hakuna anayefunga kama yeye," mwalimu alisema. Akarudi ndani, akatoka na daftari. "Nilitaka tuongee wawili, lakini umekataa. Tarehe tisa ulinipigia simu, ukasema Joyness haji mazoezini, ana malaria. Tarehe kumi na tatu ukasema malaria imerudi. Tarehe kumi na saba nikasema nakuja kumwona, ukaniambia nisijisumbue, ni kifua, kinambana akikimbia, tangu utotoni."

Hata waliokuwa wakipiga vigelegele walisogea karibu.

Tuseme ukweli: ukifika mwezi wa tano, malaria hupanda upande ule kadiri pamba inavyopasuka, na walimu wanalijua hilo kuliko mganga wa zahanati. Nyanjige hakuwa wa kwanza. Mwaka huu pamba yake ilifunguka yote kwa mpigo, na mawingu yalikuwa yakizungukazunguka upande wa Nassa. Mumewe alikuwa amehama na ng'ombe kwenda Katavi, mwaka wa tatu sasa, na shamba lilibaki na mikono minne tu, yake na ya Joyness. Pamba iliyofunguka ikinyeshewa inakuwa fifi, ile ya madoa ambayo mnunuzi huisukuma pembeni kwa mguu. Malaria ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mwalimu aliposema anakuja nyumbani, ndipo ulipohitajika ugonjwa mkubwa zaidi.

Marehemu mama yake alikuwa akimwonya kwamba mtoto mzima hatiwi jina la ugonjwa, ugonjwa una masikio. Nyanjige alilitaja hivyohivyo, simu ameibana kwa bega, mikono yote miwili imo kwenye vitumba. Joyness alikuwa mstari wa pili. Alisikia, akamtazama mama yake, akaendelea kuchuma.

"Mwaka jana, nilikokuwa nikifundisha, binti mmoja alianguka uwanjani mbele yangu," mwalimu alisema, sauti imeshuka. "Alikuwa na kifua, na hatukuambiwa. Wewe uliniambia, nikakushukuru moyoni. Siku ya mchujo Joyness alifunga magoli kumi na tisa. Nikamvuta pembeni, nikamwambia, Joyness, niambie kweli, unaumwa? Akaniuliza, 'Mama alisemaje?' Nikamweleza. Akainama, akasema, 'Basi ni kama alivyosema mama.'"

Wahenga husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya Nyanjige hayakuwa na subira hiyo. Yalimkuta palepale, kidole bado kina vumbi. Aliona aibu, ndiyo, watu walikuwa wengi. Lakini kilichomuuma zaidi ya aibu ni lile neno la mtoto.

"Mwalimu," alisema, na sasa sauti ilikuwa ndogo, "mtoto hana kifua. Nilidanganya. Ilikuwa ni pamba."

Mwalimu Violeth alifunga daftari.

"Fomu za afya zimekwenda Bariadi asubuhi hii, mama. Nafasi imeshajazwa." Alisita. "Na hata zingekuwepo hapa, ningejuaje kwamba leo ndiyo kweli?"

Hakusema kwa ubaya. Nyanjige aligeuka kuondoka. Alipopita karibu na pikipiki, Tajudin aliondoa kofia.

"Muzdalifa analia tangu asubuhi," alisema. "Anasema, sasa mpira atampa nani?"

Afadhali angemtukana.

Alimkuta Joyness shambani, shuka la kuchumia limefungwa kiunoni. Mtoto hakuwa amekwenda kusoma karatasi. Mtu haendi kusoma anachokijua.

"Mwadila, mayu," alimsalimu mama yake.

"Mwadila." Nyanjige alishika mstari wake. Alichuma mche mmoja, wa pili, wa tatu. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukumwambia mwalimu kweli?"

Joyness alinyoosha mgongo. Alikuwa mrefu, alikuwa amempita mama yake tangu masika yaliyopita.

"Ningemwambia mama yangu ni mwongo?"

Jua lilikuwa kali, na mawingu yale ya Nassa yalikuwa yameyeyuka bila kuangusha hata tone. Nyanjige alitazama shamba lake jeupe hadi mwisho, safi, halina doa, akalichukia. Kumwomba mtoto radhi hakufundishwa na mtu. Aliyasema maneno akiwa ameinama, akiyaelekeza kwenye miche.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuponza."

"Pamba itaisha wiki hii, mayu," Joyness alijibu, akahamia mche mwingine.

Walichuma hadi jioni. Kulikuwa na kitu kinachokosekana, na Nyanjige alichukua muda kukijua. Siku zote Joyness alipojaza kiganja, aliifinyanga pamba ikawa donge, akanyanyuka kwa ncha za vidole na kulirusha kwenye gunia lililo hatua kumi mbele, akihesabu kwa sauti. Siku zote Nyanjige alimfokea, "Pamba haichezewi!", kwa sababu inayoanguka kwenye udongo inachafuka. Ilikuwa haianguki, lakini alifoka. Leo hakusikia namba hata moja.

Kesho yake saa nne, basi la timu lilipita kwenye barabara ya vumbi ukingoni mwa shamba. Wasichana walikuwa wakiimba, mikono nje ya madirisha, na mmoja aliita, "Joy! Joyness!", hadi sauti ikamezwa na mlio wa gari. Joyness aliinua mkono, akaushusha. Mkono mwingine ulikuwa na donge la pamba, limefinyangwa tayari, pengine bila mwenyewe kujua.

Nyanjige aliliona. Alilikokota gunia hadi hatua kumi, akahesabu vizuri asikosee, akapiga magoti na kulipanua mdomo kwa mikono miwili, akaliinua juu kadiri alivyoweza.

"Rusha," alisema.

Joyness alimtazama.

"Itaanguka chini, mayu. Itakuwa fifi."

"Na iwe. Rusha, mwanangu."

Mtoto alisimama kidogo, akalipima donge kiganjani. Kisha akatembea kati ya mistari, hatua zote kumi, akainama mbele ya mama yake, akaliweka ndani ya gunia polepole lisidondoshe hata unyuzi, akarudi kwenye mche wake.

Nyanjige alibaki pale amepiga magoti, gunia limeinuliwa likiwa wazi, na vumbi la basi likaanza kutua juu ya pamba.