Karibu Kumi kwa Mwezi

Usiku wa jana niliota kuwa mlango wa chumba cha uani umepata kazi.

Chumba hicho, katika nyumba niliyoachiwa na mama, nimempangisha baba mdogo Kobelo tangu kiwanda cha magunia kilipompunguza. Nilitaka akae bure. Akakataa, akadai mkataba kama mpangaji yeyote. Sasa anapiga hodi kila mahali, hata jikoni, na asipoitikiwa haingii. Mimi huitikia kwa sauti ndogo. Juzi alisimama mvuani mpaka akalowa. Jana nilimwona anakunja mashati, anayapanga kwenye begi. Nikashindwa kumwambia asiondoke.

Basi, mlango umevaa tai. Baba mdogo anafika na begi lake.

"Hodi."

"Karibu zimekwisha," mlango unasema. "Mkataba unatoa kumi kwa mwezi. Umezimaliza zote kwenye chai."

"Haya. Ila hongera kwa kazi. Siku hizi ngumu kupata."

"Asante, mzee. Yenyewe ni ya muda tu."

Uani panakuwa geti la kiwanda. Kuna foleni. Godoro lake linampita, kisha pasi, kisha ndoo mbili.

"Mzee, usisukume," godoro linasema.

"Sisukumi, mwanangu. Pita."

Kila anapopitwa, anapungua. Sasa ana kimo cha chupa ya chai. Anageuka, anaitazama barabara.

"Nani anaweza kuongeza karibu?" nauuliza mlango.

"Mwenye nyumba. Kwa mdomo. Fomu hatupokei."

Mimi hata chuoni nilikuwa namwandikia mwalimu maswali yangu kwenye karatasi.

"Karibu," nasema.

"Ongeza sauti, dada. Mimi ni mbao."

"Karibu! Karibu, baba! Hapa ni kwenu! Ingia hata na viatu! Karibu!"

Napiga kelele mpaka mlango unalegeza tai. Baba mdogo anarefuka, anarefuka, anapita akiinamisha kichwa.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshapanda. Nikamkuta baba mdogo jikoni, ameketi kwenye kiti changu, ameshachemsha chai. Hodi sikuwa nimeisikia.

Nikafungua mdomo nimwamkie. Sauti haikutoka. Koo lilikuwa limekauka kama la mtu aliyetoka kushangilia mpira.

"Marahaba," akaitikia hivyo hivyo, akinisogezea kikombe. "Kunywa, nimetia tangawizi. Asteria mwanangu, mara moja ingetosha."