Ukuta wa Nyuma

Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, fundi cherehani hakufagia. Aliacha utando wa buibui ukining'inia kwenye kona ya dari, akasogeza kabati ili doa la maji lililojificha nyuma yake lionekane, kisha akasimama katikati ya sebule akiitazama nyumba yake kama mtu anayemvisha mwanawe matambara ili aonewe huruma.

Hakuwa na namna. Ofisi ya kodi ya majengo ilikuwa imeithamini nyumba upya bila mtu kutia mguu ndani, ikaiweka daraja la kwanza, na kodi ikapanda mara tatu. Kwa mjane mwenye mabinti wawili na cherehani moja, kodi ya namna hiyo ilikuwa kumfukuza kwa adabu. Akaandika pingamizi, na leo mthamini alikuwa anakuja kujionea.

Kilichomkereketa moyoni ni baba yake. Mzee alikuwa mwashi maisha yake yote, na nyumba hii aliijenga yeye, akamkabidhi bintiye siku ya harusi.

"Baba, si ungekwenda kwa kinyozi leo?"

"Nywele zenyewe ziko wapi?" mzee akajibu, akaketi.

Mthamini alikuwa mtu wa makamo, mpole, faili kwapani. Fundi cherehani alimtembeza chumba hadi chumba akiisema nyumba. Paa linavuja. Mlango umevimba, haufungi. Sakafu imebonyea. Kila neno lilimtoka kwa aibu ya mtu anayemsengenya aliye karibu, maana baba yake alikuwa akiwafuata nyuma, kimya, fimbo ikigonga sakafuni.

Mthamini alipima, akagonga kuta, akatikisa kichwa. "Mama, sikufichi. Haya ni mambo ya rangi na misumari. Nyumba imesimama imara. Aliyeijenga alijua kazi."

Siku nyingine sifa hiyo ingemvimbisha kichwa. Leo ilimkata maini.

"Hakujua," mzee akasema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Twendeni chumba cha nyuma."

Humo ndimo walimolala mabinti. Mzee aliomba kitanda kivutwe, akachokoa ukuta kwa ncha ya fimbo. Plasta ikaporomoka kama ganda la yai, na nyuma yake ukafunguka ufa wa kuingiza vidole vitatu, ukipanda kutoka sakafuni hadi dirishani.

"Kila mwaka nauziba," alisema. Bintiye akakumbuka: kila kiangazi, baba na ndoo yake ya rangi, na yeye akijisemea kwamba mzee anapenda usafi.

"Ufa huu ni wa msingi usio na nondo. Zilikwenda wapi?" mthamini akauliza.

"Hazikufika. Harusi ya huyu ilikuwa imebaki wiki tatu. Nilitaka aingie nyumba iliyokamilika, nikamwaga zege hivyo hivyo. Nilidhani nitarudi kurekebisha."

Miaka kumi na minne. Fundi cherehani alitaka kupiga kelele, amuulize ni usiku ngapi watoto wake wamelala chini ya ukuta ule huku yeye akijua. Baba yake alikuwa ameweka kiganja juu ya ufa, kama mtu anayeuzuia.

Mthamini aliandika kwa muda mrefu. Mlangoni alisema kwa sauti ya chini, "Pingamizi lako litapita, mama. Ila watoto wasilale humo hata leo."

Barua ilifika baada ya wiki tano. Thamani ilikuwa imeshuka kuliko alivyothubutu kuomba. Aliisoma akiwa amesimama kati ya magodoro ya binti zake, yaliyobanwa sebuleni kando ya meza ya kukatia nguo, asijue afurahi na nani. Wiki zote hizo yeye na baba yake walikuwa wakisalimiana tu.

Akatoka uani alikokuwa mzee, akaketi karibu naye.

"Baba, ukuta ule ukibomolewa, tukaanza na msingi, zege likae siku ngapi kabla ya kupandisha tofali?"

"Siku saba," mzee alisema, sauti ikimkwaruza. "Ukilimwagia maji asubuhi na jioni. Zikipungua, unajidanganya."

Fundi cherehani aliigeuza barua upande usio na maandishi, akatafuta kalamu.

"Nieleze yote," alisema. "Anzia chini kabisa."

Sauti yake bado ilikuwa na makali, na hakuyapunguza, lakini hakuinuka.