Redio na Milima ya Watu

Mtaani walimwita Redio, na kusema kweli jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kuzisomea maelezo ya Kiswahili video za mtandaoni kuhusu wasanii wa Kimarekani waliochora milima, mito na majangwa ya kwao. Alirekodia ndani ya kabati la nguo ili makoti yameze mwangwi. Kwa sauti ile nzito, laini, ungedhani amezaliwa kwenye mojawapo ya mabonde ya huko, kumbe hata pasi ya kusafiria hakuwa nayo.

Kesho yake asubuhi daktari angempasua koo kuondoa uvimbe, na sauti ingeondoka nao. Lakini jioni hiyo, badala ya kukaa na mkewe na binti yao Chiriku, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusema, alijifungia kabatini akisoma habari za bibi mmoja aliyehamia jangwani akachora mwamba uleule mpaka akazeeka. Alikuwa na hofu, basi. Maadamu anasema ya mwamba wa mtu, hakulazimika kusema yake.

Mkewe alivumilia hadi akashindwa. Akafungua kabati, akamwambia huo mwamba atausoma mwingine.

"Mrekodie mwanao, baba Chiriku. Atakukumbuka kwa lipi?"

Redio akakohoa, akabonyeza kitufe. "Mwanangu mpendwa, katika safari ndefu ya maisha..." Akajisikia mwenyewe, akafuta. Akaanza upya, na upya tena, na kila mara bwana yuleyule mtulivu wa kwenye video ndiye aliyeitika.

"Huyo simjui," mkewe alisema, machozi yakimlengalenga. "Mimi niliolewa na mtu anayebwabwaja."

Ndipo Redio akakumbuka mabaki: vipande alivyokosea, alivyomlaani mbwa wa jirani, alivyomwimbia Chiriku ovyo alipolia mlangoni. Humo ndimo alimokuwa yeye. Akaipekua kompyuta, huku moyoni akijua hayamo. Alikuwa nadhifu wa kazi. Kila jioni aliyafuta yote. Sauti yake ameitupa kwa mkono wake mwenyewe, akahifadhi ya milima ya watu. Akauzika uso kwenye makoti, akalia kama mtoto.

Chiriku akapenya kati ya miguu ya mama yake, akauliza baba analia nini.

"Nalia ovyo tu, mtundu wewe," Redio akasema, sauti ikikwaruza na kutokea puani. "Njoo hapa. Mbona mashavu yananata, umekula nini tena?"

Ndiye huyo. Mkewe akainua simu taratibu ili arekodi. Redio akaiona kwa pembe ya jicho, na papo hapo sauti ikanyooka.

"Naam, mwanangu mpendwa..."

Mkewe akaizima simu. Akakaa sakafuni, na baba na mtoto walipoanza tena kubwabwaja, akasikiliza kwa nguvu zake zote, maana sasa sauti ile haikuwa na pa kuwekwa ila kichwani mwake.