Zege la Wageni

Kila nyumba Nairobi ina vikombe vya wageni. Hukaa juu kabatini, wenye nyumba hawavigusi, na mgeni akishavinywea huondoka akisifu nyumba nzima. Saiti zetu nazo zina zege la wageni.

Nilikuwa karani wa saiti kwenye jengo la ghorofa sita kule Muthangari. Nina diploma ya ujenzi, na kazi yangu ilikuwa kuandika nani amefika, simiti imeingia mifuko mingapi, na kila tulipomwaga slabu, ile sakafu ya zege ya kila ghorofa, kutengeneza kyubu. Kyubu ni kibonge cha zege kinachomwagwa ndani ya sanduku la chuma, kikalazwa majini siku saba, kisha kikapelekwa maabara kupondwa na mashine. Kikikataa kuvunjika upesi, slabu nzima imepita. Sharti ni moja tu: zege la kyubu litoke kwenye wilbaro ileile inayopanda juu.

Letu halikutoka huko. Kila asubuhi ya kumwaga, kabla fundi yeyote hajavaa buti, mimi na Kitavi, mwendesha mashine ya kuchanganya, tulikwenda nyuma ya stoo tukachanganya karai moja kwa mikono. Kokoto tuliziosha. Simiti tuliimimina bila huruma. Tukajaza masanduku sita, tukayafunika kwa magunia mabichi, tukanawa. Baadaye mashine ilipowashwa, mahali pa mifuko miwili ya simiti ulikwenda mmoja na nusu, kwa amri ya mkandarasi, Bwana Kihara.

Slabu ya kwanza nilimuuliza. Nilikwenda ofisini kwake Kilimani, nikasimama mbele ya meza, nikasema kyubu hizi si za slabu yetu. Hakukasirika. Kihara ni mzee wa kanisa, mtoto wa Dagoretti, mtu aliyeanza kwa kubeba mawe mgongoni. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Ivyne, wewe ukiitwa intavyu unaendanga na slipas?"

"Hapana."

"Sasa kyubu inaenda intavyu. Ivalishe viatu."

Nilicheka pia. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu zaidi kuliko mengi yaliyofuata, kwamba nilicheka. Saiti mbili nilizofanyia mafunzo zilikuwa na desturi hiyohiyo, na majengo yake yamesimama, watu wanaanika nguo kwenye balkoni zake. Nikajiambia wajuzi wa kazi wanajua kitu ambacho vitabu vyangu havikukijua.

Kati yetu tuliokuwa saiti kila siku, mtu mmoja tu hakujua kuhusu zege la wageni, naye alikuwa Jackton Oyoo, msimamizi wa mafundi. Siku za kumwaga Oyoo alikuwa juu tangu mapema, akikagua nondo moja moja kama mtu anayehesabu mbavu za ng'ombe wake. Alitoka Ugenya miaka ishirini na sita iliyopita. Aliniita "msichana ya masomo", wakati mwingine kwa dhihaka, mara nyingi kwa fahari, na mgeni yeyote akija saiti alinivuta kwa mkono nimwonyeshe ramani, hata kama mgeni mwenyewe ni wa kuleta maji.

Siku ya kumi na mbili baada ya kumwaga slabu ya ghorofa ya nne, Kihara alipiga simu akataka miti iliyoshikilia balkoni iondolewe. Miti yenyewe ilihitajika juu, ghorofa ya tano. Kawaida balkoni husubiri wiki tatu na zaidi, lakini majibu ya maabara yalikuwa yamerudi, na kyubu zetu za siku saba zilikuwa na nguvu ambayo zege la kawaida huifikia baada ya mwezi. Mhandisi aliyaona majibu hayo akatia sahihi. Hakuwa mwongo. Alisoma alichopewa.

Oyoo hakupenda. Alishuka akanikuta mlangoni mwa stoo, msumari mkononi.

"Msichana ya masomo, hebu niambie. Hii zege nikiikwaruza inatoa unga. Hata rangi yake siielewi. Imekaa kama mtu ya kutoka hospitali."

"Labda ni jua, mzee."

"Jua gani na mawingu ndio hii?" Akatazama juu, akatazama msumari. "Kyubu zilisema nini?"

Karatasi ilikuwa ukutani nyuma yangu. Kitavi alikuwa hatua tano kutoka pale, akipiga ufagio mashine yake. Nilimwona akisimamisha ufagio. Hakugeuka.

"Zimepita, mzee," nikasema. "Zimepita vizuri sana."

Oyoo akautia msumari mfukoni. "Basi mimi ni nani? Wewe ndio ulisoma. Mimi nilisomea wilbaro."

Akapanda. Nusu saa baadaye nilisikia kishindo kifupi. Nilidhani watakuwa wamemwaga kokoto. Kisha nikamsikia Kitavi akiita jina la Oyoo, akiliita tena na tena kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwenzake waende chakula cha mchana.

Balkoni ilikuwa imemwangukia. Hakufikishwa hospitali akiwa hai.

Siku ya tatu Kihara aliniita Kilimani. Miwani yake ilikuwa mezani na macho yake yalikuwa mekundu. Sikuamini kwamba anaigiza, na hata leo siamini. Alinieleza kwamba amelipia jeneza, na basi la kumpeleka Oyoo na watu wake Ugenya litaondoka Ijumaa. Kisha akanisogezea karatasi iliyopigwa chapa tayari. Ilisema kwamba mimi, karani wa saiti, nathibitisha kyubu zilichukuliwa kwa utaratibu, zege lilikuwa imara, na marehemu aliondoa miti bila kuamriwa, akianzia upande usiofaa.

"Hakufanya hivyo," nikasema. "Wewe ndiye ulipiga simu."

"Najua."

"Na zege—"

"Zege najua, Ivyne. Mimi ndio nilipunguza. Unafikiri nalala?" Alijipangusa uso. "Sasa sikiza. Wachunguzi wanataka mtu. Wakinichukua mimi, saiti zote tatu zinafungwa, vijana sitini wanarudi kukaa kwa mawe bila kazi. Wakikuchukua wewe, hautawahi fanya kazi hii tena, na wewe ni mtoto. Oyoo hawezi kufungwa. Hawezi kufutwa kazi. Huyo hakuna mtu atamfanya kitu tena."

Maneno yake yalikuwa na mpangilio mzuri. Nilitafuta pa kuyavunjia nikakosa, kwa sababu yote aliyosema yangetokea kweli. Nikaichukua karatasi, nikasema nitaisaini nyumbani. Alinisindikiza hadi mlangoni, akanishika bega.

"Utaileta kesho kabla ya saa sita," akasema. "Tumzike huyu mzee kwa amani."

Watu wa Oyoo walikuwa wakikutana kila jioni kwenye chumba cha juu katika jengo moja la River Road, juu ya duka la kupiga chapa. Hivyo ndivyo tunavyowazika watu wetu hapa mjini: viti vya plastiki, daftari la majina, watu wa nyumbani kwenu usiowajua wakijadili nani atabeba sufuria. Chini mitambo ya duka ilikuwa ikinguruma, ikitoa vitabu vya mazishi vya familia nyingine, vile vyenye picha na wasifu wa marehemu. Jioni hiyohiyo nilifika saa kumi na moja. Mjane wake, Peres, aliyekuwa akiuza samaki Kawangware, aliniona kabla sijakaa.

"Ni wewe Ivyne? Baba Debra alikuwa anakutaja mpaka nikaanza kushuku," akasema, na wanawake waliomzunguka wakacheka kidogo, kicheko cha msiba. Akanivuta kando, karibu na dirisha. "Kitabu kinaenda kwa mashine leo. Kuna mahali ya kazi yake, na sisi hatujui kuandika ya kazi. Wewe andika. Andika vile alikuwa."

Akanipa kalamu na ukurasa mweupe. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na ukurasa mwingine unaosema vile alivyokuwa.

Niliandika, "Bwana Oyoo alikuwa fundi mwangalifu." Nikaishiwa. Kesho nitatia sahihi kwamba hakuwa mwangalifu, na Jumamosi watayasoma haya mbele ya kaburi, na watoto wake wataishi kati ya karatasi hizo mbili. Waombolezaji wangeanza na pole na kumalizia na umbeya: kwani si alijiangushia slabu?

"Mama Debra," nikasema, "kuna kitu lazima nikuambie kabla sijaandika."

Nilimwambia. Nilimwambia kuhusu karai nyuma ya stoo, kokoto za kuoshwa, mfuko mmoja na nusu. Nilimwambia kuhusu simu ya Kihara. Nilipofika kwenye msumari nilitaka kupita haraka, akaniinulia kiganja.

"Ngoja. Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Alikuuliza nini?"

"Kyubu zilisema nini."

"Na ukamwambia?"

"Nikamwambia zimepita."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mama."

Peres hakupiga ukemi. Aliniangalia tu, na uso wake ukafanya kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye uso wa mtu mzima. Ukawa kama wa mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali. Nilimtolea karatasi ya Kihara. Aliisoma polepole, midomo ikimfuata.

"Anasema mzee wangu hajui kutoa miti," akasema.

"Ndiyo."

"Alinifundisha mimi, hapo kwa nyumba yetu. Unaanza huko mwisho, unarudi ukutani. Hata mimi najua." Akaikunja karatasi mara mbili. "Na lile basi ni la huyo mtu. Hata jeneza."

"Ndiyo, mama. Nikisema ukweli sijui kama litakuja."

Alitazama chumbani. Kaka wa Oyoo alikuwa akihesabu watu watakaosafiri na kuwagawia viti. Chini mtambo ulisimama, kisha ukaanza tena.

"Utaenda kusema," Peres akasema. "Si kesho kutwa. Kesho. Gari watu wetu watatafuta. Tukikosa, tutambeba hata na lori ya mchanga, amezizoea." Akachukua kalamu kutoka mkononi mwangu, kisha ule ukurasa nilioandika sentensi moja. "Na hii usiandike. Ndugu yake ataandika."

"Mama—"

"Usikuje Ugenya, Ivyne. Nakuomba na heshima. Sitaki kukuona hapo kwa udongo."

Nilishuka ngazi. Vijana wa dukani walikuwa wakikunja vitabu vya mtu mwingine, picha ya mzee mwenye tai nyekundu ikirudiwa mara mia.

Asubuhi sikwenda Kilimani. Niliandika kurasa tatu kwa mkono wangu, nikazipeleka kwa wachunguzi katikati ya mji. Afisa alizisoma akiwa amesimama. Alipomaliza aliniuliza swali moja, kwa nini nilitengeneza kyubu za uongo, na nikagundua kwamba katika kurasa zote tatu sikuwa nimelijibu. Nilimwambia kwamba kila mtu hufanya hivyo. Akaniangalia, akasubiri. Nikamwambia kwamba nilitaka kuonekana najua kazi. Hilo akaliandika.

Kitavi alinipigia simu saa tisa. Kihara alikuwa amechukuliwa, saiti imefungwa mnyororo, vijana wako nje ya lango na vikapu vyao vya vifaa.

"Wanakutaja, na si vizuri," akasema.

"Wewe je, utaongea na wachunguzi?"

"Niko na watoto wanne, Ivyne," akasema, akakata.

Basi la Kihara halikuja. Ijumaa mchana nilisikia kwamba walipata gari la kanisa moja la Kawangware, na nusu ya waliotaka kwenda walibaki. Hakuna aliyeniambia kama kitabu kiliwahi kuchapwa.

Jumamosi, siku ya mazishi, nilikuwa nimekaa kitandani chumbani kwangu, sijafungua pazia, simu ilipolia. Ilikuwa namba ya Peres. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wengi, na mtu akijaribu kipaza sauti.

"Umepeleka?" akauliza.

"Nimepeleka, mama. Nilipeleka ile siku uliniambia."

"Nimesikia. Nilitaka kusikia kwako." Akapumua. "Hawajamshusha bado. Nimekuwa hapa nafikiria, na wewe ndio mtu wa mwisho mliongea na yeye. Kulikuwa na kitu moja sikukuuliza."

"Niulize, mama."

"Hiyo siku alitoka nyumbani mapema, chai haikuwa imeiva. Alisema atakula huko. Sasa nataka kujua. Alikuwa amekula?"

Nilijua jibu ambalo lingemfaa. Lilikuwa jepesi, lilikuwa karibu, na hakuna mashine duniani ambayo ingeweza kulipima.

"Hapana, mama," nikasema. "Mama wa chai alipopita, mzee alisema atakula akimaliza balkoni."

Simu haikukatwa. Nilisikia akipumua, na nyuma yake watu wakaanza kuimba.

"Haya," Peres akasema mwishowe. "Wacha niende. Wananiita."